Faiba mbili, mtaro mmoja

Mjadala usioisha kwa mafundi wa mitandao hapa Malindi ni huu: anayeuza intaneti kwa hoteli chache na majumba, ajisajili AFRINIC, shirika linalogawa anwani na namba za intaneti Afrika, apate namba ya mtandao wake, achukue faiba kwa wauzaji wawili na kujichagulia njia kwa BGP, yaani utaratibu ambao ruta za mitandao hutangaziana nao anwani na njia za kuzifikia? Au amwachie kila kitu muuzaji mmoja wa Mombasa?

Wanaotaka kujitegemea hawakosei. Faiba moja ikikatika, ruta huhamia ya pili na anwani za wateja hubaki zilezile. Ila BGP haijui kilomita wala msongamano. Ikiachwa na mipangilio yake, hutazama zaidi idadi ya mitandao itakayopitiwa. Faiba zote mbili zikilazwa mtaro mmoja kandokando ya barabara ya Kilifi, tingatinga moja linazimaliza, na BGP haikuwa na habari. Tena unachoamua ni njia ya data kutokea kwako tu. Ya kuingilia unaomba. Utarudia namba yako mara tatu kwenye tangazo lako ili njia usiyoitaka ionekane ndefu, na mtandao wa upande wa pili ukupuuze, kwa kuwa upendeleo wake wa ndani huangaliwa kabla ya urefu.

Kwangu mimi uzito uko kwenye kuchuja, yaani kukataa matangazo ya anwani yasiyostahili kupita. Februari 2008 Pakistan ilitaka kuifunga YouTube nchini mwake. YouTube ilikuwa ikitangaza kundi la anwani 1,024. Pakistan Telecom ikatangaza 256 za ndani yake, na ruta hufuata tangazo finyu zaidi, lenye anwani chache. Tangazo likavuja kwa PCCW, kampuni ya mawasiliano ya Hong Kong, ambayo haikulichuja, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili.

Wapo wanaosema vichujio vikali navyo ni balaa, na wana ushahidi: orodha ya anwani zinazoruhusiwa isipofanyiwa usasishaji, anwani mpya za mteja halali hugota mlangoni. Hati za RPKI, yaani vyeti vya kidijitali vya umiliki wa anwani, nazo huthibitisha mwenye anwani, si njia inayopitiwa; ndiyo maana haziwezi peke yake kuzuia uvujaji kama wa kampuni ya intaneti ya MainOne ya Nigeria, Novemba 2018, ulioivuta Google hadi China Telecom.

Hata hivyo, kwa muuzaji wetu mdogo kichujio cha matangazo yanayotoka kwake ni mistari michache: tangaza anwani zako, basi. Hicho hakina gharama. Namba ya AFRINIC inayo, na kabla ya kuilipia ningemtaka muuzaji wa pili anionyeshe kwenye ramani faiba yake inapita wapi kutoka Mombasa.