Genge Huvunjika Hata Bila Msaliti

Nikiona riwaya ya uhalifu inatumia nusu ya kurasa zake kunionyesha ramani ya jengo, zamu za walinzi, nyaya za king'ora na gari la kutorokea, naingiwa na wasiwasi kwamba mwandishi anaikwepa kazi. Wizi wenyewe ni sehemu nyepesi. Unataka utafiti kidogo na mpangilio mzuri wa matukio, basi. Ugumu unaanza mzigo ukishaingia ndani, mlango ukafungwa, na watu wanne walioitana ndugu tangu utotoni wakajikuta hawajui waanze kuzungumza nini.

Nazipenda sana hadithi hizi, na ndiyo maana inaniuma zinapoharibiwa. Kinachoziharibu mara nyingi ni kilekile: msaliti aliyefichwa. Tangu mwanzo yumo mmoja aliyekwisha kuzungumza na polisi, au aliyepanga kutokomea na fedha zote, na mwandishi anatuzungusha sura baada ya sura mpaka mwishoni anapomfichua. Msomaji anashtuka, anafunga kitabu, kesho yake amesahau. Maana ukishampata mbaya mmoja, wengine wote wanatakasika. Urafiki wao unaonekana haukuwa na kasoro yoyote, ila waliingiliwa tu. Mimi siamini hivyo. Naamini marafiki wanaweza kuangamizana bila hata mmoja wao kuwa alikusudia usaliti siku ya kwanza, na hadithi inayothubutu kulionyesha hilo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Tena si jambo la kubuni. Jioni ya Januari 17, 1950, huko Boston nchini Marekani, wanaume waliovaa vinyago na makoti ya kibaharia waliingia katika ofisi za Brink's, kampuni ya kulinda na kusafirisha fedha, wakawafunga kamba wafanyakazi waliowakuta kwenye chumba cha fedha, wakaondoka na zaidi ya dola milioni 2.7. Kati ya hizo, milioni 1.2 zilikuwa taslimu. Genge lilikuwa na watu 11, na walikuwa wamejiandaa kwa muda mrefu, hadi kung'oa vitasa vya milango usiku ili vichongewe funguo, kisha kuvirudisha kabla ya kukucha. Baada ya hapo walitakiwa kufanya jambo moja tu, kunyamaza. Sheria ya Massachusetts ilitoa miaka sita ya kuwafungulia mashtaka. Ikipita hiyo, wamepona.

Miongoni mwao alikuwamo Joseph O'Keefe, aliyejulikana kwa jina la utani la Specs. Miezi michache baada ya wizi alikamatwa Pennsylvania kwa kosa jingine, akafungwa. Mgawo wake alikuwa amemwachia mwenzake amtunzie. Huko ndani akahitaji fedha za mawakili, akawa anadai, na alichokidai hakikurudi. Alipotoka alikuja juu, hata akamteka mmoja wao ili alipwe. Wenzake nao wakaanza kupiga hesabu zao: huyu ana kinyongo, anajua kila kitu, na wapelelezi hawaachi kumfuata. Juni 1954 wakamtumia muuaji wa kukodi. O'Keefe akapigwa risasi, akajeruhiwa, akanusurika.

Hebu tazama mpangilio wa mambo hayo. FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walikuwa wamemhoji tena na tena, hakusema. Alinyamaza akiwa jela, akanyamaza akiwa hana fedha na fedha zake anajua ziko kwa nani. Alikuja kufungua mdomo Januari 6, 1956, akiwa jela tena, siku 11 kabla ya ile miaka sita kutimia, baada ya wenzake kujaribu kumuua kwa kuhofia kwamba angefungua mdomo. Hofu yao ndiyo iliyomzaa msaliti waliyekuwa wakimwogopa. Wanane walihukumiwa kifungo cha maisha. Mwandishi chipukizi wa riwaya za aina hii akiniomba mfano mmoja, nitampa huo, nimwambie anitafutie mtu aliyeanza. Atazunguka sana.

Kwa nini genge linavunjika kirahisi hivyo? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya wizi haina daftari, haina risiti, haina shahidi anayeweza kuitwa mbele ya hakimu. Aliyedhulumiwa hana pa kwenda kushtaki. Kilichobaki ni neno la rafiki peke yake, na neno hilo sasa linabeba mzigo ambao urafiki wa kawaida haujawahi kuubeba. Siku nyingine zote rafiki yako anaweza kukukopa, akachelewa kulipa, mkacheka yakaisha. Hapa akichelewa saa mbili kurudi, umeshamhukumu.

Ndiyo maana mwandishi nampimia kwenye tukio la kuhesabu fedha. Wengi wanalipitia mbio: meza, mabunda, vicheko, chupa inafunguliwa. Anayejua anachokifanya hukaa hapo. Mmoja anamaliza burungutu lake, anataja idadi, analisukuma katikati ya meza. Aliyekaa mbele yake analichukua, analamba kidole, anaanza kulihesabu upya. Pengine ni mazoea tu, mtu aliwahi kushika fedha za ofisi. Lakini yule wa kwanza amenyamaza, macho yake yanafuata vile vidole vinavyopita juu ya noti alizokwisha kuzihesabu yeye. Idadi inatoka sawasawa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, na bado kuna kitu kimeharibika ambacho hakuna atakayethubutu kukitaja. Kuanzia hapo mtu akienda msalani, anaulizia mkoba umewekwa wapi.

Siri hii watu wameijua tangu kale. Katika Jataka, hadithi za kale za Kibudha, kuna kisa cha majambazi waliouana kwa ajili ya hazina mpaka wakabaki wawili. Mmoja akakaa kuilinda mali, upanga mkononi, mwingine akaenda kijijini kutafuta wali. Aliyebaki akaamua kummaliza mwenzake akirudi. Aliyekwenda akala fungu lake, akatia sumu kwenye lililobaki. Wote wakafa, hazina ikabaki palepale. Karne ya 14 mshairi Chaucer alisimulia kisa kama hicho huko Uingereza, safari hii wakiwa marafiki watatu na divai yenye sumu. Ni kweli hao walikuwa na tamaa, sibishi. Lakini angalia tamaa ilipopata nguvu: pale walipotengana. Mtu akiwa mbele yako unaona uso wake, unasikia pumzi zake. Akishaondoka unabaki na mwenzako wa kufikirika, na huyo wa kufikirika siku zote ni mbaya kuliko wa kweli.

Mwaka huohuo wa 1950 mwanahisabati Albert Tucker naye alikuja na kisa chake cha wafungwa wawili. Wamewekwa vyumba tofauti, na kila mmoja ameahidiwa nafuu akimtaja mwenzake. Hesabu inaonyesha kwamba kila mmoja, akijifikiria peke yake, ana faida ya kutaja, ingawa wangenyamaza wote wawili adhabu ingekuwa ndogo kuliko ile watakayopata wakitajana. Fumbo hilo ni zuri, ila wafungwa wake hawana majina wala maisha ya nyuma. Marafiki wanayo, na hapo ndipo riwaya inapoipita hisabati kwa mbali. Huyu hajasahau kwamba mwenzake aliwahi kumkana mbele ya mwalimu wakiwa watoto. Yule ana deni la matibabu ya mama yake ambalo lilisamehewa kwa mdomo tu. Husemwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwenye hadithi hizi linakula likakwisha, kwa sababu linajua pa kuuma.

Polisi wapewe nafasi ndogo. Mpelelezi anayefaa hapa kazi yake kubwa ni kusubiri, na mara mojamoja kumwita mmoja wao ofisini, kumkalisha saa nzima bila swali la maana, kisha kumwachia arudi kwa wenzake. Watakaomalizia kazi ni wao.

Lakini mke, dada au mama wa mhusika asitupwe pembeni kama ilivyo desturi ya vitabu vingi. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba mgeni wa kila siku haji tena, na kwamba mume siku hizi anakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Mwandishi akimpa huyo kurasa ishirini tu, atapata hofu ambayo bastola haitampa.

Na mwisho, naomba risasi zipunguzwe. Nimechoka na ghala lenye maiti wanne na begi lililomwagika noti. Vifo vinawaepusha wahusika na kazi ya kutazamana. Mwaka 1956 O'Keefe alisimama mahakamani kama shahidi, akaeleza nani alifanya nini jioni ile, na wenzake wapo, wanamsikia kila neno. Wao walijua walichomfanyia, naye alijua anachowafanyia. Riwaya ianzie hapo, kwenye kizimba cha mashahidi, irudi nyuma pole pole mpaka siku watu hao walipoaminiana kiasi cha kwenda kuiba pamoja. Mwenye nayo aniambie, nitaisoma usiku kucha.