Mwezi wowote? Sikubaliani
Makala yanadai kwamba wanandoa wasio na haraka wanaweza kuvuta karavani yao (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) kutoka Darwin, kaskazini mwa Australia, kwenda mji wa Katherine na kuendelea hadi eneo la Kimberley mwezi wowote wa mwaka, dai ambalo silikubali. Mimi na mke wangu tulipita huko mwezi Julai, tukiegesha kila siku kabla ya jua kuzama kwa kuhofia kugonga kangaruu barabarani, na tukaoga katika chemchemi ya Mataranka yenye nyuzi joto 34 (mwenzangu hakutaka kutoka majini). Kuanzia Novemba hadi Aprili, hata hivyo, mito hufurika, barabara za vumbi hufungwa na mamba wa maji chumvi huingia mabwawa yaliyokuwa salama kiangazi. Je, yupo msomaji aliyewahi kukwama huko wakati wa mvua?