Wenzetu wa Mauritius wana Ganga yao, sisi bado tunaifuata India

Ikikaribia Maha Shivaratri, usiku mtakatifu wa mungu Shiva kwetu Wahindu, mwezi wa pili au wa tatu, barabara za Mauritius huwa za wenda kwa miguu. Watu wanatoka Triolet kule kaskazini, wanatoka Flacq, wanatoka Port Louis, wamevaa nyeupe, nyama wameshaiacha siku kadhaa, na mabegani wamebeba kanwar, jukwaa la mianzi lililopambwa maua, vioo na kengele. Wote wanakwenda Ganga Talao, ziwa lenye jina la Ganga, mto mtakatifu wa India, lililojaa ndani ya kreta ya volkano ya kale, kama mita 550 juu ya bahari. Nchi nzima hupewa mapumziko siku ya sikukuu yenyewe. Mimi ni Mhindi wa Mombasa, kazi ndiyo iliyonileta huku, na tangu nianze kufuatana na majirani zangu wa Quatre Bornes kwenye hija hii, nina neno na jamaa zangu wa nyumbani.

Njia yetu hupita Vacoas na La Marie. Ukishalipita bwawa la Mare aux Vacoas nyumba zinakwisha, inabaki misonobari, ukungu na manyunyu yasiyokatika. Kabla ya hapo, kila hatua chache kuna meza ya chakula cha bure: puri za moto, mboga, chai ya maziwa, maji. Wanaogawa si Wahindu peke yao. Chai iliyonipa nguvu zaidi nilipewa na mama Mkrioli mwenye rozari shingoni, akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe hadi nikaimaliza.

Ziwani unashuka ngazi mpaka maji yakupate vifundo vya miguu, na ni baridi kweli. Unawasha kafuri juu ya jani la tambuu, unaweka nazi na ndizi, unasema Om Namah Shivaya. Samaki na mikunga husogea hadi kwenye vidole vyako kutafuta makombo. Kisha unajaza lota, kile chungu kidogo cha shaba, uende nayo hekalu la mtaani kwako, na usiku wa Shivaratri maji yale yanamiminwa juu ya lingam, jiwe linalomwakilisha Shiva. Kwenye lango kuna sanamu ya Shiva ya mita 33 iliyosimamishwa 2007, nayo ndiyo watalii huipiga picha. Mimi ibada yangu iko kwenye ngazi.

Ziwa hili halikurithiwa kutoka kitabu chochote kitakatifu. Waliolipata ni vibarua wa mashamba ya miwa, walioanza kuletwa kutoka India mwaka 1834 na kuteremshwa bandarini Port Louis kwa mikataba migumu. Nauli ya kwenda Ganga hawakuwa nayo. Mwaka 1897 kuhani mmoja aliota kwamba maji ya ziwa lililoko milimani kusini yanatoka kwenye Ganga yenyewe, na mwaka 1898 kundi la kwanza kutoka Triolet likavuka kisiwa kwa miguu kulifuata. Mwaka 1972 maji ya Ganga yakaletwa kutoka India, yakamiminwa humo.

Mwaka huohuo wa 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Sitaki kuusahau mwaka huo ninapowalaumu watu wangu. Waliokuwa Kenya na Tanzania waliona, wakaogopa, na familia nyingi zimeishi tangu hapo na sanduku moja limefungwa tayari. Mtu wa namna hiyo hatafuti mlima wa kuupanda wala maji ya kuyaita mama. Babu yangu mzaa baba, tuliyemwita Dada, alizaliwa Mombasa, akafanya biashara Mombasa, akafia Mombasa, na majivu yake tukayapandisha ndege hadi Haridwar, mji wa India kando ya Ganga.

Najua nitajibiwa kwamba Mauritius Wahindu ni karibu nusu ya watu wote, sisi ni wachache. Ni kweli. Lakini Kalasinga nao ni wachache, na tazama Makindu. Mafundi wa reli waliabudu pale porini, gurdwara, hekalu lao, ikajengwa 1926, na hadi leo dereva wa lori, mwanafunzi na mchuuzi hula bure wakiwa njiani Nairobi na Mombasa, bila kuulizwa dini. Majirani zetu Wamijikenda wana kaya zao, misitu ambayo huingii hivihivi. Ardhi yetu inajua kutakaswa. Sisi Wahindu ndio tuliobaki nyuma ya geti, tukingoja serikali ya Kenya ituite sisi na wenzetu wote wa asili ya Asia kabila la 44 mwaka 2017, tukashangilia karatasi.

Si kila kitu cha huku nakitaka kwetu. Kanwar nyingine zimekuwa majumba yanayosukumwa kwa magurudumu, zikagusa nyaya za umeme na watu wakafa, na muziki wa spika unameza sala. Hayo tuyaache.

Ninachotaka ni hiki. Shivaratri ijayo, waumini wa Mombasa tutoke mandir, hekaluni kwetu, na lota zetu hadi baharini, mchana kweupe, tuchote, turudi nayo kwa miguu. Njiani tuweke meza za chai na mahamri kwa yeyote apitaye. Wazee watasema maji ya chumvi hayamfai Shiva. Nitawajibu kwamba Ganga yenyewe inaishia baharini, Ghuba ya Bengal, na Bahari ya Hindi ni hiyohiyo inayopiga ukuta wa Fort Jesus.

Mama yangu ameshaagiza apelekwe Haridwar, nami nitampeleka. Kuhusu majivu yangu, wanangu wameshaambiwa: Mombasa.