Ziwa limepumzishwa, marejesho je?

Habari inasema Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana kupumzisha Ziwa Tanganyika miezi mitatu kila mwaka, na kwetu uvuvi ukafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Sipingi. Mimi ni wa Kigoma, na dagaa wa mwalo wetu wa Kibirizi ninaowaona siku hizi si wale wa utoto wangu.

Ila mbona lawama zote kaangushiwa mvuvi na kokoro lake? Ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470, na rutuba nyingi imelala huko chini. Upepo wa kiangazi ndio unaoipandisha. Maji ya juu yakizidi kupata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, samaki wanakosa chakula. Wanasayansi walishaandika hayo tangu 2003! Joto hilo halisikii amri ya kufunga ziwa.

Halafu kuna mama anayeanika dagaa mchangani kwa mtaji aliokopa kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Ziwa linafungwa, marejesho ya kila wiki hayafungwi. Jirani yangu aliuza cherehani mwezi wa pili tu wa kufungwa ziwa. Takwimu za samaki, kabla na baada, zibandikwe mwaloni tuzisome wenyewe.