Uzee hauelei chooni

Mama yangu mkubwa wa Kongwa amekonda mpaka kitenge kinamzunguka mara mbili. Na anakula! Ugali wa mtama na mlenda anamaliza, ila akionja nyama ya mbuzi yenye mafuta, tumbo linanguruma usiku kucha. Asubuhi choo kinaelea, kinang'aa mafuta, harufu sitaisimulia. Mwaka huu kapewa antibayotiki mara tatu kwenye duka la dawa. Safari ya nne muuzaji akamwambia, "Mama, huo ni uzee tu."

Kauli hiyo inaniudhi. Mafuta yakitoka vile yalivyoingia, mimi naliwazia kongosho kwanza. Wengi tunalijua kwa ajili ya kisukari, lakini kila siku linamwaga pia karibu lita moja na nusu ya maji yenye vimeng'enya ndani ya utumbo mwembamba, ndivyo vinavyosaga mafuta, protini na wanga. Maji hayo yakipungua, chakula kinateremka hakijasagika, bakteria wanajilia. Unaweza kuwafyeka kwa vidonge kila mwezi, karamu bado wamewekewa.

Mwaka 2019 watafiti wa Greifswald, Ujerumani, walitoa matokeo ya kupima elastasi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye kinyesi cha watu 1,795. Hali ya kongosho ilihusiana zaidi na aina ya bakteria wa tumboni kuliko jinsia, unene, chakula, hata umri. Hata umri! (Nani alianza kumharibu mwenzake, kongosho au bakteria, hilo kipimo cha namna ile hakisemi.)

Ila matokeo hayo tusiyabebe mazima mpaka Ugogoni. Kule Ujerumani, wenye elastasi ndogo walikuwa na bakteria wengi wa Prevotella. Hao ndio wenyeji wa matumbo ya walaji wa nafaka na mizizi. Wahadzabe, wawindaji wa huku Tanzania, wanao tele, wala si ugonjwa. Kumhesabia mlaji wa mtama bakteria hao ili ujue hali ya kongosho lake ni kupoteza hela. Pima elastasi yenyewe: ikiwa chini ya mikrogramu 200 kwa gramu ya kinyesi, daktari ana pa kuanzia, na vimeng'enya vya vidonge vipo, humezwa pamoja na chakula.

Nimemtumia nauli aje Dodoma mjini. Swali lake lilikuwa moja tu: hicho kinyesi atapanda nacho basi?