Uhai wa Chau na uhai wa Wasentineli

Novemba 2018, John Allen Chau, Mmarekani wa miaka 26, aliwalipa wavuvi wa Andaman, visiwa vya India, rupia 25,000 wampeleke kwa siri North Sentinel akahubiri Injili. Ni kisiwa cha Wasentineli, watu waliojitenga na dunia, na sheria ya India inakataza kukikaribia. Alibeba samaki, mpira, mikasi na Biblia. Mtoto wa kiume akamfuma mshale, ukaishia kwenye ile Biblia. Akarudi chomboni, akaandika shajara yake, halafu akaenda tena. Wavuvi waliona mwili wake ukiburutwa ufukweni.

Mimi ni Mkristo na siwezi kumbeza. Agizo la Yesu, "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi", halikubagua visiwa. Krapf, mmisionari Mjerumani, alizika mke na mtoto Mombasa mwaka 1844, akabaki. Kule Ekuador, Januari 1956, wamisionari watano waliuawa kwa mikuki na watu wa kabila la Waorani. Mwaka 1958 mjane wa mmoja na dada wa mwingine wakaenda kuishi na kabila hilohilo, na baadhi ya wauaji wakaokoka.

Ila Krapf alifika na barua ya Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, kwenye mji uliokwishazoea wageni wa kila bahari. Wale wanawake wa Ekuador walijifunza lugha kwa Dayuma, binti wa Waorani, na waliingia kwa mwaliko. Hata hivyo, mwaka 1969 polio iliwakumba Waorani waliokuwa wamekusanywa kwenye makazi ya misheni, ikaua na kulemaza.

Wasentineli nao wana sababu ya kutuogopa. Mwaka 1880 ofisa wa Kiingereza, Portman, aliwachukua sita kwa nguvu hadi Port Blair, makao ya Waingereza huko Andaman. Wakaugua upesi; wazee wawili wakafa, watoto wanne wakarudishwa na zawadi. Mafua ambayo sisi tunayatuliza kwa chai ya tangawizi yanaweza kuwamaliza, kwa kuwa miili yao haijayazoea. Chau alilijua hilo, ndiyo maana alijitenga siku kadhaa kabla ya safari. Lakini mtu mzima wa afya hubeba vijidudu asivyovihisi, na karantini haiviondoi vyote.

Kwa hiyo ujasiri wake naukubali, safari yake siikubali. Aliyekuwa tayari kufa ni yeye peke yake. Yule mtoto mwenye upinde hakuulizwa, na alipojibu kwa mshale, jibu lake halikusikilizwa. Wavuvi nao walikamatwa.

Mwili wa Chau haujarudishwa hadi leo. Katika maneno yake ya mwisho kwa wazazi, Chau aliwasihi wasiwakasirikie watu wa kisiwa wala Mungu iwapo atauawa.