Nyungunyungu wa Bwana Mdogo

Katika nyumba yetu ya Sanawari, hapa Arusha, kiumbe pekee ambaye maji yake hupimwa kabla hajayatumia ana urefu wa kidole changu cha kati na anaishi katika tangi la kioo karibu na televisheni. Mimi nimezaliwa mkoani humu na kukua kwa maji ya humu, maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru na kubeba floraidi ya kutosha kunitia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na hakuna mtu aliyewahi kunichovyea hata kijiti kimoja cha kupimia. Lakini kwa huyu aksolotli, mnyama wa majini wa jamii ya salamanda, ndugu wa mbali wa vyura, ambaye mimi humwita Bwana Mdogo, binti yangu Neema huchovya vijiti kila Jumamosi asubuhi, husubiri rangi zibadilike, kisha hututangazia kwa sauti ya mkemia mkuu kwamba amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, na hapo ndipo sisi wengine tunaruhusiwa kunywa chai.

Mnyama huyu aliachwa na familia ya rafiki yake Neema iliyokuwa ikihama kutoka Njiro kurudi kwao ng'ambo, na katika uamuzi wa kumpokea mimi sikuulizwa. Ana rangi ya waridi iliyopauka, hana kope, na matamvua mekundu ya kupumulia majini yamemchomoza pande zote mbili za kichwa. Ndugu zake wengi wa jamii ya salamanda wakikua hupoteza matamvua na kutoka majini, ila yeye hubaki na umbo la utotoni mpaka uzeeni, na hata huzaa akiwa nalo. Ninaye shemeji mwenye tabia hiyo hiyo, lakini shemeji angalau hula kilichopikwa.

Ugomvi wetu mkubwa ni wa chakula. Aksolotli aliyekomaa hulishwa mara mbili au tatu kwa wiki, ila huyu bado anakua, kwa hiyo hula kila siku, na chakula kinachomfaa zaidi ni nyungunyungu waliokatwa vipande vidogo kuliko upana wa kichwa chake. Niliposikia hivyo nilifurahi, kwa maana nyuma ya banda la ng'ombe la jirani kuna lundo la samadi lenye minyoo ya kulisha tarafa nzima. Kumbe wale wekundu wembamba wa kwenye samadi, wakiguswa, hutoa majimaji ya njano yenye ladha mbaya. Neema alimshushia kipande kwa kibanio na kukitikisa mbele ya pua yake, Bwana Mdogo akatulia tuli kwa muda, ghafla kinywa kikafunguka na kuvuta maji pamoja na mnyoo kwa kasi ambayo jicho langu halikuifuata, kisha, baada ya kutafakari kidogo, akakisukuma nje, na kipande kikashuka polepole mpaka sakafuni huku kikijinyonganyonga. Neema akasema dawa yake ni kuwachovya minyoo hao katika maji ya moto kwa sekunde chache ili wapungue ukali. Yaani sasa tunampikia.

Tulipohamia kwa nyungunyungu wakubwa wanaopatikana chini ya migomba, likazuka sharti jingine, kwamba udongo wao usiwe umepigwa dawa, kwa sababu ngozi ya Bwana Mdogo ni laini na sumu humwingia upesi. Ndiyo maana jioni, badala ya kupumzika kama wanaume wenzangu, huonekana nimechutama shambani kwa mzee jirani nikiwa na tochi ya simu mkononi na kopo la maziwa la zamani miguuni. "Sijapiga dawa, mwanangu," mzee huniambia kila mara, "lakini hebu niambie, samaki wenyewe unakwenda kuwavua wapi?" Nikirudi nyumbani nakuta mezani nyanya za Soko la Kilombero zikiwa bado na madoa meupe ya dawa iliyokaukia, nami naambiwa nizioshe tu, zitakuwa salama. Nilipendekeza basi tumpunguzie gharama kwa vipande vya nyama kutoka buchani, nikaelezwa kwamba mafuta ya ng'ombe hayamfai, hoja ambayo daktari wangu wa presha hunieleza mimi pia, ila kwangu haitekelezwi kwa ukali huo.

Kokoto nzuri nilizochagua mwenyewe mtoni ziliondolewa siku ile ile, kwa sababu mnyama anayekula kwa kuvuta maji hufyonza na kokoto, na ikikwama tumboni inaweza kumuua. Sasa analala juu ya kioo kitupu.

Kuhusu maji, siwezi kusema kwa kifupi. Choo chake hutoa amonia, amonia huunguza matamvua, na wale bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati isiyo kali sana huchukua wiki kadhaa kuzaliana vya kutosha, kwa hiyo katika kipindi chote hicho maji yake yalibadilishwa kila siku. Maji ya bomba yana klorini, nayo inabidi yakae wazi kwenye ndoo usiku kucha. Kwa mtaa wetu, ambao maji huja kwa zamu, maana yake ni kwamba ukumbini kulikuwa na msururu wa ndoo zisizoguswa na mtu, huku baba mwenye nyumba akioga kwa kopo moja na kujisuuza kwa matumaini.

Halafu likaja suala la joto. Mwezi wa Julai, wakati Arusha nzima imevaa masweta na makoti, Bwana Mdogo huwa na afya tele, kwa kuwa yeye hutaka maji ya nyuzi 16 hadi 18. Februari ilipofika, tangi likavuka nyuzi 24, akaacha kula, ncha ya mkia ikajikunja, na kwenye tamvua moja ukaota ukungu mweupe kama pamba. Friza yetu ikajazwa chupa za maji ya kugandisha na nyama yangu ikahamishiwa kwa jirani. Nilipougua malaria mimi, kipimajoto kilikuwa kiganja cha Mama Neema.

Tulimwita bwana mifugo anayewachanja kuku wetu kideri. Aliinama mbele ya tangi, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akauliza kwa utaratibu, "Mzee, huyu mmempa dawa ya minyoo?" Nikamjibu kwamba minyoo ndiyo chakula chake. Aliandika kitu kwenye daftari, akaomba nauli ya bodaboda, akaondoka. Neema akaamua kumwogesha maji ya chumvi kwa dakika 10, lakini isiwe chumvi yenye madini joto, na katika nchi ambayo kila pakiti imeandikwa kwa fahari kwamba ina madini joto, nilizunguka Soko Kuu mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama mganga aliyeniagiza ni wa Tanga. Ukungu ulipona, nakiri, baada ya maji kupoa.

Kila ninapolalamika, Neema hunipeleka Meksiko. Asili ya mnyama huyu ni mifereji ya Xochimilco, ndani ya mji mkuu wa nchi ile, ambako mwaka 1998 watafiti walikadiria aksolotli wapatao 6,000 katika kila kilomita ya mraba, na mwaka 2014 wakakadiria 36. Wamemalizwa na uchafu wa maji pamoja na samaki wa kigeni, wakiwamo jamii ya perege waliotoka Afrika, wanaokula mayai yao. "Kwa hiyo tunadaiwa, baba," anasema. Mimi nimekula perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu tangu ujana wangu, kwa ugali na bila kuchoka, na kwa hesabu hiyo nadhani nimewatetea aksolotli kuliko mtu yeyote hapa Sanawari.

Kinachoniuma zaidi ni mguu. Alikuja kwetu akiwa na mguu mmoja mfupi, kwa sababu watoto wa aksolotli wakichanganywa pamoja hung'atana viungo, na baada ya wiki kadhaa mguu ukaota upya pamoja na vidole vyake. Mimi nimeng'olewa magego mawili kwa ganzi hafifu, na mpaka leo hayajarudi.

Juzi nikauliza huyu bwana huishi muda gani. Miaka 10 hadi 15, akasema Neema, ambaye yuko kidato cha pili na anaota chuo kikuu cha Dar es Salaam. Nikamwambia ataondoka naye. "Dar kuna joto, baba, atakufa. Atabaki na wewe." Mama Neema alicheka mpaka akakiweka kikombe chini. Tangu hapo, kila tukikaa mezani, navisifia vyuo vya Iringa na Mbeya, ambako kuna baridi ya kuwatosha wote wawili.